Ukurasa wa Kumi na Nne

Foleni ya benki ilikuwa imejipinda mara tatu, feni ya darini imekufa, na mlinzi kashachoka kusema "sogeeni." Katikati ya foleni alisimama mwanamke aliyevaa gauni la kijani lililomkaa sawasawa, hereni ndogo za dhahabu, na viatu vya kisigino kifupi. Alikuwa akijipepea kwa gazeti alilolikunja mara mbili.

"Samahani dada," sauti ilisema nyuma yake. "Hicho unachojipepea nacho ni jasho langu."

Aligeuka. Alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limenyooshwa vizuri, doa la wino kwenye pindo la mkono. Alitabasamu kama mtu aliyezoea kusamehewa.

"Jasho lako kivipi?"

"Ukurasa wa tatu nimeuandika mimi. Angalau ungeusoma kwanza ndipo uufanye feni."

"Nimeusoma. Ndiyo maana nimeona afadhali nijipepee."

Watu wawili mbele waliangua kicheko. Mwanamume mwenyewe alicheka hadi akashika mkanda wa suruali.

"Nimekoma! Mimi ni mhariri wa hilo gazeti. Na kwa bahati mbaya zaidi, ni mtoto wa mwenye gazeti. Na wewe?"

Mkono wa mwanamke wenye gazeti ulisimama hewani.

"Nanunua makaratasi chakavu," alisema hatimaye. "Sokoni wananiita Mizani."

"Basi bila shaka unanunua na yetu."

"Yale yaliyokosa mchumba."

Kabla foleni haijafika dirishani, Mhariri alikuwa ameomba namba ya simu, na Mizani alikuwa ameitoa. Aliitoa kwa nia mbaya kabisa. Acha lisemwe mapema, mtu asije akamhurumia bure.

Miaka kumi na mmoja nyuma, baba yake alikuwa mtunza stoo wa hospitali. Dawa ziliibwa, mwizi akakamatwa, naye alikuwa mtu mwingine kabisa, karani wa mapokezi. Lakini asubuhi yake gazeti lilitoka na picha ya baba, nusu ya ukurasa wa mbele, na neno MWIZI limemkalia kichwani. Siku tisa baadaye gazeti lilisahihisha. Mistari mitatu, ukurasa wa kumi na nne, chini ya chemshabongo. Hakuna aliyeiona. Hospitali ilimwondoa baba kazini ili kulinda jina la hospitali, jirani wakaacha kuitikia salamu, na mzee akaufunga mlango wa mbele kwa komeo. Tangu siku hiyo nyumba nzima ilipita mlango wa jikoni.

Mizani hakuingia kwenye biashara ya makaratasi kwa kuipenda. Aliingia kwa sababu mtu mmoja alimwambia kwamba nakala zisizouzwa za lile gazeti huuzwa kwa kilo. Miaka mitatu alizinunua kupitia dalali, akapima, akahesabu, akatunza kila stakabadhi. Gazeti liliwaambia watangazaji wake kwamba linauza nakala elfu thelathini kwa siku. Ghalani kwake zilikuwa zinaingia elfu kumi na tisa za kila siku kati ya hizo, bado zimefungwa kamba za kiwandani. Alikuwa na kisu mkononi. Alichokosa ni kujua siku ya kuchoma.

Mhariri alianza kupiga simu kila siku saa saba mchana.

"Malkia wa Mizani, umekula?"

"Niko juu ya marobota, nitakula saa ngapi?"

"Shuka ule. Ukikonda utanipunja kilo."

"Kwani nani kakuambia wewe ni mnunuzi?"

"Ah! Mimi tayari nimelipa arubuni. Moyo wangu uko kwako, au na huo umeutupa kwenye chakavu?"

Mizani alikuwa akicheka, halafu akikata simu anajikemea. Walikwenda kutazama mpira, akavaa suruali ya jinzi na blauzi nyekundu, na Mhariri akashindwa kuona bao hata moja. Siku nyingine gari la Mizani lilipozima njiani, Mhariri alilisukuma huku amevaa tai. Alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu hadi mwisho. Mizani alimchukia kwa tabia hiyo, kwa sababu ilikuwa inamharibia kazi. Kufikia mwezi wa tatu alikuwa anampenda, na alijua, na hakuacha kuhesabu.

"Mpenzi, niombee," Mhariri alimwambia siku moja. "Ijumaa wiki ijayo kuna kampuni inanunua nusu ya hisa za baba. Bila hivyo hatufiki mwisho wa mwaka. Njoo kabla ya hapo nikuonyeshe ofisi."

"Ijumaa saa ngapi?" Mizani aliuliza, kwa sauti tamu.

Alikwenda Jumanne. Ngazi zilinuka wino na chai. Kwenye korido ukuta mzima ulikuwa na kurasa za mbele zilizotiwa fremu, na Mhariri alizipita akieleza hili na lile. Mizani alisimama mbele ya fremu ya sita. Baba yake alikuwa akimtazama kutoka nyuma ya kioo, na MWIZI juu ya kichwa chake. Chini, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: *Siku tuliyouza kuliko zote.*

"Hii bado ipo ukutani?"

Mhariri aliinamisha macho. "Ya baba hiyo. Mimi siipendi."

"Kwa nini huipendi?"

Badala ya kujibu alimpeleka mezani kwake, akatoa daftari kubwa lenye jalada jeusi. Ilikuwa desturi ya chumba kile: kila kosa lililochapishwa liliandikwa humo, na aliyelifanya akaweka sahihi. Alifunua nyuma sana, akaweka kidole.

"Nilikuwa na wiki mbili kazini. Picha tulikuwa tunazitunza kwenye bahasha, bahasha moja kwa kila ofisi. Nikaambiwa, leta ya yule wa hospitali. Nikachomoa ya juu. Sikuigeuza kusoma jina nyuma."

Sahihi ilikuwa yake. Mizani aliitazama hadi herufi zikacheza.

"Ulikwenda kumwomba radhi?"

"Baba alikataa. Alisema tukienda tumekiri, na mwenye picha atatushtaki."

"Sijamuuliza baba yako. Nimekuuliza wewe."

Mhariri alilifunga daftari.

"Sikwenda," alisema.

Mizani alichukua mkoba wake, akasema kichwa kinamuuma. Ngazini alishika reli kwa mikono miwili.

Ijumaa alivaa suti nyeusi na kupaka rangi ya midomo nyekundu. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, maua, na wanunuzi wawili wenye kalamu wazi. Kichwani mwa meza alikaa Mzee Kalamu, mwenye gazeti, shingo nene, saa nene. Mhariri alimwona akiingia, akainuka kwa furaha. Furaha hiyo ndiyo iliyomuuma Mizani baadaye kuliko kitu kingine chochote.

Alifungua mkoba, akamwaga stakabadhi mezani. Nyingine zilianguka sakafuni.

"Kabla hamjaweka sahihi," aliwaambia wanunuzi, "hizi ni nakala nilizonunua kwa kilo miaka mitatu. Stakabadhi zimepigwa mhuri wa stoo yao wenyewe. Toeni kwenye ile elfu thelathini, mwone inabaki nini."

"Huyu mwanamke ni nani?" Mzee Kalamu alinguruma. "Mtoeni nje!"

Mnunuzi mmoja alikuwa ameshaokota stakabadhi tatu. Akatoa kikokotoo. Akabonyeza mara kadhaa. Kisha akafunika kalamu yake, mwenzake akafunika ya kwake, wakaondoka hata bila kunywa maji.

"Mimi ni binti wa fremu ya sita, mzee," Mizani alisema. "Ile siku mliyouza kuliko zote."

Mhariri alimfuata hadi ngazini. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Ulinipenda, au ulikuwa unanipima?"

"Nilianza kwa kukupima."

"Na baadaye?"

"Baadaye nikaiona sahihi yako."

Alishuka bila kugeuka.

Kuna watu husema kulipiza kisasi hakuna ladha. Hao hawajawahi kulipiza. Mizani alilala usingizi mzito siku nne mfululizo, akala kwa hamu, akaimba bafuni. Watangazaji walilikimbia gazeti mmoja mmoja, na kila aliyekimbia alimwongezea hamu ya kula. Siku ya tano ilipofika saa saba mchana alijikuta ameshika simu, anaitazama. Siku ya sita pia. Alimtukana Mhariri kwa sauti, peke yake ghalani, hadi wapakizi wakadhani wamekosea mzigo.

Jumatatu ya wiki ya tatu alifungua gazeti kwa mazoea tu. Kwenye ukurasa wa mbele, nusu nzima, ilikuwa picha ya baba yake. Ileile. Juu yake, kwa herufi zilezile kubwa, paliandikwa: HAKUIBA. Chini yake Mhariri alikuwa ameandika kwa jina lake kwamba picha aliichomoa yeye bila kuigeuza, kwamba alijua kosa lake jioni ileile, na kwamba kwa miaka kumi na mmoja hakwenda kuomba radhi kwa sababu aliogopa. Mwisho aliongeza kwamba gazeti halijawahi kuuza elfu thelathini, na akataja idadi ya kweli.

Kufikia mchana Mzee Kalamu alikuwa amemfukuza mwanawe mbele ya wafanyakazi wote. Kufikia mwisho wa mwezi wenye madai walikuwa mlangoni kwake, na hakuna mtu mjini aliyelitaka lile gazeti. Isipokuwa mmoja.

Mizani alimpokea ghalani. Hakumtolea kiti. Mzee alikaa juu ya robota la magazeti yake mwenyewe, akasoma bei kwenye mkataba, akafuta jasho.

"Hii ni bei ya chakavu."

"Ndiyo bei niliyozoea kulinunulia."

Mzee aliweka sahihi. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo Mizani hakujua kwamba anayo, akasema: "Binti yangu, nakuomba jambo moja. Nimelijenga miaka thelathini. Liandike vizuri neno la kuniaga. Ukurasa wa mbele, na picha."

Mizani alimtazama kwa raha. Hakuiharakisha.

"Nitakuandikia, mzee. Mistari mitatu. Ukurasa wa kumi na nne, chini ya chemshabongo."

Mzee alipotoka, saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika mbili. Mizani alingoja dakika hizo mbili, kisha akapiga.

"Umekula?" alisema.

"Mtu asiye na kazi anakula nini?" Mhariri alijibu.

"Njoo uhariri gazeti langu. Na fremu ya sita njoo uiteremshe mwenyewe."

"Nakuja kama mhariri tu?"

"Sijakusamehe, usijidanganye."

"Sijasema umenisamehe. Nakupenda, Mizani. Niambie niende wapi nikuombe."

Mizani alifunga macho. Alikuwa ameyakosa sana hayo maneno, na alikasirika kuyakosa.

"Nyumbani. Jumapili. Na upite mlango wa mbele."

Jumamosi nzima baba yake Mizani alishinda na chupa ya mafuta, akilainisha komeo lililokamatwa na kutu. Jumapili saa nne asubuhi mlango ulifunguka kwa kelele iliyofika barabarani. Mtunza stoo alisimama kizingitini, suti yake ya zamani imempwaya mabegani. Chini ya ngazi alisimama Mhariri na shati lake jeupe. Jirani walikuwa wametoka, wengine wakijifanya wanafagia.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitika. Alitoa lile gazeti kwapani, akamkabidhi.

"Soma."

Mhariri alisoma. Alisoma kichwa cha habari, akasoma jina lake, akasoma kuhusu bahasha na woga. Alipomaliza, mzee alinyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

"Yule mama wa nyumba ya bluu hasikii vizuri. Rudia. Kwa sauti."

Alirudia. Mama wa nyumba ya bluu aliweka fagio chini. Mizani alikuwa nyuma ya baba yake, ameuma khanga ili asicheke, na machozi yanamtoka.

"Na fundi wa pale kwenye kona alikuja akanichekea usoni," mzee alisema. "Mara ya tatu."

Mhariri alivuta pumzi, akageukia kona, akasoma kwa sauti iliyowatoa watu madirishani. Barabara nzima ilikuwa imesimama. Alipofika mwisho, sauti ilikuwa imemkauka kabisa.

Mzee alilichukua gazeti, akalikunja taratibu, akalirudisha kwapani.

"Marahaba," alisema, na akasogea pembeni kumpisha.