Figa Lenye Tundu

Asubuhi hiyo moto ulimtangulia Lusia kuamka.

Alisukuma mlango wa jikoni kwa goti, mikono imejaa kuni mbichi, akakuta mwanga mwekundu umeshatua ukutani. Usiku alikuwa ameyafukia makaa kwa majivu kama marehemu mama yake alivyomfundisha, na kwa unyevu wa mwaka ule alitegemea kukuta yamekufa. Lakini makaa yalikuwa yamejifunua, yamejikusanya katikati ya mafiga matatu, yanang'aa kama mtu ametoka kuyapuliza sasa hivi. Jikoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, harufu ya jembe linapotolewa motoni kwa mhunzi.

Lusia alilitazama figa la tatu. Halafu akabandika uji.

Ulikuwa mwaka wa zile mvua za El Nino. Kijiji kizima cha Magamba hakikuwa na kuni kavu, na njiti za kiberiti zilikuwa zimelainika, ukipiga moja inamomonyoka kichwa. Figa moja la Lusia, alilolifinyanga kwa udongo wa kichuguu, lilikuwa limelowa na kupasuka vipande. Mawe mazuri yalikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umejaa. Ndiyo maana alipanda kilimani nyuma ya shamba lao.

Kwenye kilima hicho watu wa zamani walichimba mawe ya chuma. Mashimo yao bado yapo, mengine yanaweza kummeza ng'ombe, na kando yake kuna mabaki ya matanuru walimoyayeyushia mawe hayo, na mavi ya chuma yametapakaa meusi hadi kwenye mihogo. Mwaka uliotangulia walikuja watu wa mambo ya kale. Walipigilia vigingi, wakafunga kamba, wakawaomba wanakijiji wasiondoe kitu, hata kigae. Lusia ndiye aliyekuwa akiwachotea maji, kwa hiyo alisikia kwa masikio yake mwenyewe. Lakini mvua ilikuwa imebomoa ukuta wa tanuru moja, na kipande kimoja kilikuwa kimelala njiani, kigumu kama jiwe, kimo chake sawasawa na mafiga yake mawili. Kilikuwa na tundu katikati, pale ulipokuwa unaingia mdomo wa mvukuto wa kupulizia moto. Aliuchokoa udongo laini uliokuwa umeliziba, akajitwika, akashuka nacho.

Jioni ile ya kwanza kuni zilitoa moshi tu. Lusia alikuwa amechoka uchovu wa miaka miwili, tangu mama yake alipofariki pamoja na kichanga akijifungua, na yeye akatolewa darasa la sita ili amlee mdogo wake Osward na kumpikia baba. Aliinama, akaweka mdomo kwenye lile tundu, akapuliza. Moto uliruka mpaka akarudisha kichwa nyuma. Alicheka peke yake, akaligonga figa kwa mwiko.

"Wewe niwakie tu kila asubuhi," akaliambia. "Utakula unachotaka."

Basi, moto ukawaka. Uliwaka kila alfajiri bila kuguswa. Lusia hakuuliza. Saa aliyokuwa akiipoteza kuhangaika na kuni aliipata bure, akatoa kitabu chake cha jiografia kilichokuwa kimefungwa kwenye nailoni, akawa anakisoma pale jikoni, Osward mwenye miaka sita amemlalia mapajani. Alisoma habari za mito na milima ya nchi za mbali, akajiona kama mwanafunzi tena. Ingekuwa rahisi kusema hakujua kwamba jambo lile halikuwa sawa. Alijua. Alikuwa anafungua ukurasa unaofuata.

Majirani nao walijua kwamba kwa Stanslaus, baba yake Lusia, moto haulali. Kila kukipambazuka walikuja na vigae vyao kuomba makaa, kama ilivyo desturi.

"Lusia, jiko lako hilo umelipa nini?" mmoja alimtania. "Ukiolewa, mume atasahau kiberiti kinafananaje."

"Kwanza aje huyo mume," Lusia alijibu, akamtilia makaa mawili juu ya kigae.

Bibi Kabula alikuja pia, yule mama wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe miaka mitatu iliyopita, akiishi na mjukuu wake Malale. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukaa kwenye moshi wa kinyesi cha ng'ombe, kinachochomwa kufukuza mbu. Hakuwahi kuja mikono mitupu. Alileta kibuyu cha maziwa, akimwita Osward, "Mume wangu, njoo unywe ukue unioe."

Osward ndiye aliyeanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi, cha mara mbili mbili. Zahanati walimpa dawa ya kifua, hakikuondoka. Usiku mmoja Lusia aliamka akasikia kitu jikoni, upande wa pili wa ukuta wa fito na udongo. Fu-fu. Kimya. Fu-fu. Kimya. Alidhani ni paka kalala kwenye majivu. Akanyoosha mkono gizani akagusa kifua cha mdogo wake, akahisi kinapanda mara mbili, kinatulia, kinapanda mara mbili, kinatulia, na kila kilipopanda ndipo sauti ile ya jikoni ilipovuma, na mwanga mwekundu uliopenya kwenye nyufa za ukuta ukaongezeka, na kila kilipotulia mwanga nao ukafifia, hata akaelewa, mkono wake ukiwa bado juu ya mbavu za yule mtoto, kwamba kule jikoni hakuna anayepuliza moto, anayepuliza yuko hapa, amelala, hajui, na pumzi yake inatoka humu ndani kwenda kule.

Aliamka akamwagia jiko ndoo nzima ya maji. Lilifoka, likafa. Asubuhi alilikuta linawaka, na midomo ya Osward ilikuwa na rangi ya zambarau.

Na bado hakusema. Ndilo jambo ambalo baadaye halikumwacha. Alijiambia atalirudisha figa kimyakimya na mambo yatakwisha. Alilibeba hadi kilimani, akaliacha palepale alipoliokota, akarudi, akaweka tofali mahali pake. Kulipokucha tofali lilikuwa limesukumwa kando, na figa lilikuwa limekaa kwenye shimo lake, limekauka kabisa ingawa mvua ilikesha ikinyesha, tundu lake likielekea chumba cha kulala.

Wakati huo watoto wengine nao walishaanza kukohoa mara mbili mbili, nyumba ya huku, nyumba ya kule. Watu walitafuta wanachofanana wale watoto. Wakapata maziwa ya Bibi Kabula, aliyoyagawa nyumba hadi nyumba.

Mkutano ulifanyika chini ya bati la ghala. Stanslaus, mtu mpole asiyejua kusimama mbele za watu, siku hiyo alisimama.

"Mimi sina maneno mengi," alisema. "Mtoto wangu alikuwa mzima. Huyu mama akampa maziwa. Macho yake nyie wenyewe mnayaona."

"Hata Malale wangu anakohoa," Bibi Kabula alisema taratibu. "Nitamroga na huyu?"

"Mchawi huanza na wake," mtu mmoja akajibu kutoka nyuma, na wengine wakaguna kukubali.

Bibi Kabula aliwaangalia mmoja mmoja. Alipofika kwa Lusia alikaa hapo kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Lusia aliinamisha macho, akaanza kuchimba udongo kwa kidole gumba cha mguu. Alikuwa na neno moja tu la kusema.

Walimpa Bibi Kabula mpaka asubuhi awe amehama. Aliondoka kabla, na mkokoteni na ng'ombe wake, kuelekea Sitalike kwa mwanawe. Kwenye kizingiti cha kina Lusia aliacha kibuyu cha maziwa. Hakuna aliyethubutu kukinywa.

Siku tatu baadaye Osward alishindwa kukaa.

Siku hiyohiyo alirudi jirani yao, Bibi Dorotea, aliyekuwa mjini Mpanda akimuuguza binti yake hospitali. Babu yake alikuwa mmoja wa Wakonongo wa mwisho kuyeyusha chuma. Aliingia kumwona mgonjwa, rozari mkononi, akasimama katikati ya chumba akasikiliza. Fu-fu. Kimya. Fu-fu.

"Nani anavukuta humu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Lusia akapiga magoti, akalia, akasema. Alisema habari za figa, za moto, za ndoo ya maji, za tofali. Baba yake alimsikiliza akiwa ameshika fremu ya mlango. Lusia alipofika kwenye habari za mkutano wa ghalani, Stanslaus aliuachia mlango akatoka nje, akasimama mvuani bila kofia.

"Tanuru ni mke," Bibi Dorotea alisema. "Wazee walipolijenga walihama kwa wake zao, wakalilea hilo, wakaliimbia, wakalipa pumzi zao usiku na mchana. Wapo walioishia palepale kwenye mivukuto. Wakimaliza, wanaliziba midomo yote kwa udongo mbichi, lisiombe tena. Wewe umelizibua, mjukuu wangu. Na kila uliyempa moto umempa na mdomo wa kula." Akamwinamia. "Sasa nijibu vizuri. Uliliambia neno lolote? Uliliahidi kitu?"

Lusia alimwona baba yake kule mvuani. Aliona kwamba aliyoyasema yanatosha kumfanya achukiwe maisha yake yote.

"Hapana, bibi," alisema.

Walifanya kazi mchana kweupe, mbele ya watu wote. Lusia alikwenda nyumba kwa nyumba akisema kosa lake kila mlango, na kila nyumba ikazima moto wake na kukusanya majivu kwenye gunia. Wapo waliomtemea mate miguuni. Figa lilifungwa kwa magunia mabichi, likapandishwa kilimani, na Lusia akaliziba tundu kwa udongo wa mtoni kwa mikono yake, Bibi Dorotea akiongea nalo Kikonongo kama anayembembeleza mke aliyekasirika arudi nyumbani. Lilipofunikwa shimoni pamoja na yale majivu, kilima kizima kilitoa sauti ndefu kama ya mtu anayeshusha mzigo. Jioni ile Osward aliomba ugali.

Ilibaki nyumba moja, ya Bibi Kabula. Usiku wa kuondoka kwake mwanamke mmoja alimwona akipita na chungu cha makaa kwenye mkokoteni. Na Malale alikuwa na miaka minne.

"Nenda wewe," Stanslaus alimwambia binti yake, akimpandisha kwenye lori la mahindi la kwenda Sitalike. "Mimi uso sina."

Lusia alifika jua likizama. Alimkuta Bibi Kabula nje ya kibanda kipya cha nyasi, anakamua. Akapiga magoti kwenye matope.

"Mwadila, bibi," alimsalimia Kisukuma, kama alivyozoea.

Bibi Kabula aliitika. Aliendelea kukamua huku Lusia akisema yote, na alipomaliza, chombo kilikuwa kimejaa.

"Ule moto niliumwaga mtoni, kabla hatujaipita Magamba yenu," alisema. "Mtu hafukuzwi akabeba moto wa waliomfukuza. Malale amepona siku ya pili. Siku ile pale ghalani nilikuona umebeba kitu mdomoni, ng'wana wane, mwanangu. Nikasema, kitamtoka. Kimechelewa, lakini kimetoka. Kunywa."

Lusia alikunywa maziwa huku machozi yakimdondokea humo. Alilala karibu na Malale, akasikiliza pumzi ya yule mtoto, ndefu, laini, moja moja, mpaka usingizi ukamchukua, usingizi mzito ambao hakuwahi kuupata tangu mama yake afe.

Alfajiri Bibi Kabula alimgusa bega.

"Amka unisaidie. Jana nilipika mapema, jiko limeshapoa. Kiberiti kiko kwenye mfuko ule."

Lusia alijikokota hadi kwenye mafiga, mawe matatu ya kawaida ya mtoni. Aligusa majivu kwa kiganja. Yalikuwa baridi na yana umande. Alipanga vijiti, akageuka kutafuta kiberiti, na kwa uchovu tu wa kuamka akashusha pumzi.

Majivu yakawa mekundu.

Aliganda. Kisha, kama mtu anayeshika kidonda ili ahakikishe kipo, akapumua tena, kidogo sana, na wekundu ukatambaa chini ya vijiti, na harufu ya jembe motoni ikapanda ikajaa kibanda, na nyuma yake, kwenye ngozi ya ng'ombe walipokuwa wamelala wote wawili, Malale akakohoa kikohozi kikavu, kifupi, cha mara mbili, na Lusia akafumba mdomo akaubana kwa viganja vyote viwili, akikumbuka mwiko alioligonga nao figa, akikumbuka kicheko chake na ahadi ya kulilisha, akikumbuka macho ya Bibi Dorotea yakimngoja aitaje, akakaa hivyo hadi masikio yakamvuma na kifua kikataka kupasuka.

"Kuna nini?" Bibi Kabula aliuliza kutoka mlangoni.

Lusia aliondoa mikono.

"Bibi," alisema, "kuna neno sijamaliza kusema."

Na kwa kila neno lililomtoka, moto ulipanda.