Kesi ya Shamba la Mihayo

Kila asubuhi Nyamizi wa kijiji cha Dutwa alikamua ng'ombe wake, akawapikia watoto uji wa maziwa, kisha akaenda kwenye pamba. Tangu mumewe Mihayo afariki, shamba hilo ndilo lililowalisha.

Msiba haujapoa, shemeji yake Mboje akaja.

"Kaka alitoa ng'ombe za mahari," alisema. "Wewe na shamba, wote ni wa ukoo. Usilime tena."

"Nitashtaki, shemeji."

"Kashtaki. Wakili utamlipa nini, mboga ya mlenda?"

Nyamizi naye aliamini hakuna kesi bila wakili. Tena Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga. Siku hizo za miaka ya tisini biashara ilikuwa imeachiwa kila mtu, na stendi ya Bariadi ilijaa madalali wa pamba, wa choroko, hata wa mawakili. Mmoja alimwahidi wakili kutoka Mwanza. Nyamizi akauza ng'ombe, akampa fedha. Dalali hakuonekana tena.

Jirani yake Esteria akampeleka kwa Elina, msaidizi wa sheria aliyesikiliza watu siku za gulio katika chumba cha kanisa.

"Mwangaluka, mayu," Elina alimwamkia mama huyo kwa Kisukuma, kisha akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mirathi kama hii huanzia Mahakama ya Mwanzo," alisema. "Pale wakili haruhusiwi. Kila mtu hujisemea mwenyewe."

"Kwa Kiswahili hiki cha kuswagia ng'ombe?"

"Wamekizoea. Ukikwama, omba mkalimani. Ada ni ndogo, na asiye na uwezo huomba asamehewe. Mimi sikutozi kitu."

Nyamizi akainama. "Basi ng'ombe wangu alikwenda bure."

"Alikwenda, mayu. Shamba bado lipo."

Elina akamwelekeza aombe kikao cha ukoo, achukue cheti cha kifo, na atafute mashahidi wa ndoa. Kikao kiligawanyika, lakini mzee Masele, baba mdogo wa marehemu, alikubali kushuhudia.

Mahakamani Nyamizi alisimama kujisemea. "Shamba hili tulifyeka mimi na Mihayo," alisema. "Watoto wake wanakula hapo."

Mzee Masele akashuhudia ndoa yao, na mahakama ikamteua Nyamizi kusimamia mirathi kwa niaba ya watoto.

Msimu uliofuata alilima, pamba ikaota vizuri. Asubuhi moja Mboje alipita kando ya shamba. Nyamizi akasimama, akamwamkia kama zamani. Mboje akageuza uso, akakaza mwendo.

Nyamizi alimtazama mpaka akapotea njiani. Kisha akainama, akaendelea kupalilia.