Mbwa Asiye na Mwenyewe

Asubuhi kwa Kiilu ilianza hivi. Mutindi, mkewe, anakoka moto. Kiilu anafungua zizi. Mbuzi wanatoka wakilia, na nyuma ya jikoni, kwenye jivu la jana, anaamka mbwa jike mwekundu. Anajinyoosha, anapiga miayo, kisha anafuata mbuzi mpaka porini. Hakuna aliyemtuma.

Jioni anarudi nao. Mutindi anamwagia makombo ya isyo, yale mahindi na maharagwe yaliyobaki chunguni. Halafu anageuka upesi, kama mtu ambaye hajafanya kitu. Kwa maana Kiilu alikuwa na neno lake. Ukimwuliza kama mbwa ni wake, alijibu, "Si wangu. Analala hapa tu."

Usimcheke. Kijijini kwao, karibu na soko la Kanyangi, wote walisema hivyo. Mbwa akimuuma mtu au akila kuku, mwenye mbwa ndiye analipa. Basi mbwa walikuwa wengi, na wenyewe hawakuwapo.

Mwaka wa 1986 mtoto wa kijiji cha jirani aliumwa na mbwa mgonjwa. Nyumbani walimpaka jivu kwenye kidonda, wakangoja kipone. Mtoto alikufa kwa kichaa cha mbwa.

Sabchifu akaita baraza. Alisema watu wa chama cha kutunza wanyama wangekuja na Landrova pale kwenye josho la ng'ombe. Wangechanja mbwa bure, na kila aliyechanjwa angefungwa ukanda wa buluu shingoni. Baadaye askari wangepita na bunduki. Mbwa asiye na ukanda angepigwa risasi.

Kiilu alirudi nyumbani. Mutindi akamwuliza, "Baba Mulei, utampeleka?"

"Nipeleke mbwa ambaye si wangu?"

"Sawa. Wakimuua, fisi utawafukuza wewe. Ila kubweka sijakusikia."

Kiilu alicheka, lakini neno lilimwingia. Mwaka wa jana fisi walimaliza mbuzi kwenye mazizi ya watu wengi. Lake halikuguswa.

Kesho yake alichukua kamba, akamwita jirani yake Muthama amsaidie. Wakamzingira mbwa pembeni ya zizi. Mbwa akaona kamba, akaona mikono miwili inakuja, akaruka. Aling'ata mkono wa shati la Kiilu, akaurarua, akatokomea vichakani. Siku hiyo mbuzi walienda porini peke yao.

Muthama alicheka mpaka akakaa chini. "Umekaa na yeye miaka yote hii," alisema, "na mkono wako anaujua ukiwa na jiwe tu."

Kiilu alikwenda kwa Waithera, bibi wa mifugo aliyetibu wanyama pale sokoni. Alikuwa mtu wa Nyeri, lakini alikuwa amekaa Ukambani mpaka Kikamba chake kikanyooka. Kabla ya kusikia habari yote, Waithera alimkunjia mkono wa shati, akatazama ngozi. Haikuwa na mkwaruzo.

"Bahati yako, mzee," alisema. "Ukiumwa na mbwa yeyote, osha kidonda hapo hapo kwa sabuni na maji mengi. Osha muda mrefu. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo upigwe sindano. Usipake jivu, usipake pilipili, usingoje uone. Ukingoja mpaka ugonjwa uonekane, dawa hakuna."

Kisha akamweleza juu ya kamba. Mbwa hashikwi kwa siku moja. Mtu mmoja ampe chakula kila siku, mahali pamoja, kwa sauti ile ile. Siku za kwanza akae mbali. Akishazoea, asogee. Kamba iwekwe chini karibu na chakula, mbwa ainuse mpaka aichoke. Mwisho ndipo ipite shingoni, tena polepole.

"Na umwite jina," alisema Waithera. "Anaitwa nani?"

Kiilu hakujua. Nyumbani, Mutindi alitazama chini akasema jina analo zamani. Anaitwa Kavaluku, yaani sungura, kwa vile anavyokimbia.

Kumbe nyumba hiyo ilikuwa na siri.

Kiilu alianza. Aliweka chakula, akaita, akakaa mbali. Mbwa alikula huku jicho moja likimtazama yeye. Siku ziliposonga, jicho lilitulia. Siku Kavaluku alipokubali mkono mgongoni, Kiilu alishtuka kuona mbavu zilivyo karibu na ngozi.

Siku ya chanjo watu walijaa kwenye josho. Mbwa walikuwa wachache. Kiilu alipofika na kamba mkononi, wakamtania kwamba amekuwa mzungu wa Kanyangi, anatembeza mbwa. Waithera akauliza kwa sauti, "Mwenye huyu mbwa ni nani?"

Muthama alikuwa amesimama mbele, mikono nyuma. Akasema, "Fikiria vizuri, Kiilu. Kuna mtetea wangu aliyeliwa. Nimemtafuta mwenye mbwa mpaka leo."

Kiilu alitazama kamba. Kavaluku alikuwa amejibanza kwenye mguu wake, anatetemeka.

"Ni wangu," alisema. "Kuku, njoo nyumbani uchague."

Kavaluku akapigwa sindano. Waithera akasema pia daktari aliyekuja na Landrova anaweza kumfunga uzazi, akiwa amelala kwa dawa, asizae watoto wa kutupwa sokoni. Kiilu akakataa, akisema mbwa wa namna hiyo angekuwa mvivu.

"Mzee, maksai wako si ulimhasi? Ameacha kulima?"

Kiilu akamkabidhi kamba. Jioni alimbeba Kavaluku, bado amelewa dawa ya usingizi, mikononi mpaka nyumbani, na aliyetaka kucheka alicheka.

Askari walipopita, walimwona Kavaluku na ukanda wake, wakaendelea. Huko kwa Muthama mlio wa bunduki ulisikika. Mbwa mzee aliyekuwa akilala mlangoni pake hakuwa na ukanda. Muthama alimzika mwenyewe, nyuma ya zizi.

Baada ya siku chache alikuja kwa Kiilu. Mutindi akamwonyesha kuku. Muthama hakuwatazama. Alifungua koti lake taratibu. Ndani mlikuwa na mtoto wa mbwa, mchafu, tumbo limevimba kwa minyoo, ameokotwa sokoni.

"Waithera anasema akikua kidogo atamchanja," alisema. "Nimekuja kuuliza habari ya kamba. Inaanza lini?"

"Wacha kamba," alisema Kiilu. "Mama Mulei, kuna isyo imebaki?"