Mabaka Hauzwi

Kila asubuhi, ukungu wa Uyole ukiwa bado mzito, Nyamizi hukamua ng'ombe wa baba yake. Kisha humpelekea jirani yao, Mama Ruwaida, chupa moja ya maziwa. Mama Ruwaida anafanya kazi katika ofisi ya ajira ya kiwanda kimoja mjini Mbeya. Anapenda sana chai ya maziwa. Kuongea anapenda zaidi.

Nyamizi amesomea ufugaji chuoni. Alitafuta kazi mpaka soli za viatu zikaisha. Siku moja ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Shamba moja la ng'ombe wa maziwa kule Igowole, mkoani Iringa, lilimwita kwenye usaili.

Mama yake, Catherine, alipiga vigelegele. Baba yake, mzee Malimi, alikwenda kusimama zizini.

"Tutamuuza Mabaka," alisema.

Vigelegele vikakatika. Mabaka alikuwa mtamba mwenye mimba yake ya kwanza. Mama yake alikufa wakati wa kumzaa, na Nyamizi ndiye aliyemlea kwa chupa.

"Jamani, baba! Mabaka si anakaribia kuzaa?"

"Sasa nauli itatoka wapi? Na mahali pa kulala? Na viatu? Kesho mchinjaji anakuja."

"Tuwaulize kwanza kama watasaidia nauli."

Malimi alishtuka kama ametukanwa. Kwao Usukumani, mtu akiitwa msibani au harusini, huinuka akaenda. Hamuulizi mwenye shughuli habari za nauli. Malimi alihamia Usangu na ng'ombe wake, kisha Uyole, na heshima hiyo alihama nayo.

"Umeitwa, unakwenda," alisema. "Binti yangu hataanza kazi kwa kuomba."

Kesho yake Nyamizi alipeleka maziwa kwa jirani huku macho yamevimba. Mama Ruwaida alisikiliza habari yote.

"Umewapigia simu?"

"Bado, mama."

"Basi Mabaka anauzwa kwa ajili ya nini? Hata mnachoendea hamkijui!"

Alijifunga ushungi, akaenda zizini. Mchinjaji alikuwa amekwisha kufika na kamba yake.

"Mwangaluka, jirani," Malimi alimwamkia Kisukuma.

"Mwangaluka. Mzee wangu, leo nimekuja tugombane."

Malimi akacheka. "Kosa langu nini?"

"Msibani mtu haendi kutafuta mshahara. Usaili ni mazungumzo. Wao wanamchunguza Nyamizi, na yeye anawachunguza wao. Mimi ndiyo kazi yangu, naita watu kwenye usaili. Anayeuliza kwa adabu hatumwoni ombaomba. Tunamwona mtu makini."

"Aulize nini sasa?"

"Tuanze na shamba lenyewe, lipo? Matapeli ni wengi. Mtu akitaka umtumie hela ndiyo akufanyie usaili, huyo mkimbie. Halafu aulize nafasi ni ngapi, na mshahara ukoje. Na kama wanaweza kuanza kwa simu."

"Na nauli?"

"Aulize pia. Wakikataa, msikasirike, waajiri wengi hawalipi. Hapo mtapima wenyewe. Kazi inafaa? Dalili za kuipata zipo? Na hela hiyo ikipotea, nyumba itayumba? Maana Nyamizi akikosa kazi, nauli hairudi. Na Mabaka harudi."

Malimi alimtazama Mabaka.

Mama Ruwaida alimpigia ndugu yake mwenye duka Igowole. Shamba lipo, ndugu akasema, na wafanyakazi wake wanalipwa. Ndipo Nyamizi akapiga simu shambani, spika ikiwa wazi. Alipokea meneja, bwana Sifaeli.

"Umefanya vizuri kuuliza," alisema Sifaeli. "Nafasi ni mbili, na walioitwa ni wengi. Walio mbali tunaweza kuanza nao kwa simu. Ukipita, utakuja huku, na nusu ya nauli tutachangia sisi."

Malimi aliyasikia yote. "Kumbe hawakukasirika!"

"Vipi, mzee, nimfunge?" aliuliza mchinjaji.

"Kanywe chai kwanza, kijana wangu. Mabaka hauzwi."

Siku ya usaili Nyamizi alikaa karibu na zizi, mahali ambapo mtandao hushika vizuri. Waliuliza mengi. Mwisho waliuliza: ndama aliyefiwa na mama yake analelewaje? Nyamizi alijibu bila kusita, huku Mabaka akimramba mkono.

Akapita. Sasa ilikuwa safari ya kweli, na nusu ya nauli ilibaki kwao. Waliitoa kwenye hela ya maziwa, bila kinyongo, kwa sababu walijua wanachoendea. Viatu aliazimwa na Mama Ruwaida. Alikwenda Igowole na kurudi siku hiyo hiyo, na kazi akaipata.

Mabaka alizaa wakati Nyamizi amekwisha kuanza kazi. Malimi alimwita ndama huyo Simu. Catherine alicheka mpaka akakaa chini.

Simu aliponyonya akashiba siku zake za mwanzo, Malimi alimkamua Mabaka. Hakumtuma mtu. Alibeba chupa mwenyewe, akabisha hodi kwa jirani.

"Haya ni ya Mabaka," alisema. "Nyumbani kwangu hakuna aliyeyaonja. Anza wewe, jirani. Ahsante sana."

Mama Ruwaida, mpenda kuongea, alipokea chupa ikiwa bado ya moto. Siku hiyo alikosa la kusema.