Malkia wa Steven

Asubuhi hiyo Veneranda aliamka akakuta chumba kinanuka dagaa wabichi. Kijiji chao, Maguu, kiko milimani, kwa wenye kahawa. Ziwa liko chini huko, mbali.

"Baba Winnie, nani kachania kitana changu? Kimelowa."

Kiliani, mumewe, akajidai anatafuta viatu. Alijua. Mfukoni mwa koti lake mlikuwa na kete ya malkia wa sataranji, yaani chesi, aliyechongwa kwa mti uliotupwa na ziwa. Alimwiba kwa Steven, dereva wa lori la makaa ya mawe kule Ngaka.

Wivu, jamani! Toka Mbinga hadi Liparamba hakuna aliyeijua sataranji kama Kiliani, na anayebisha akaulize. Lakini miaka mitatu Steven alimpiga fainali ya kombe la parokia kwa ufunguzi uleule wa kitoto: askari wa mbele ya mfalme, kisha malkia nje, mbio, kama mke aliyesikia mumewe ana mwingine. Kombe kwa Steven. Picha na padri, Steven. Kiliani chakula hakikupita.

Sasa malkia alikuwa wake, na wiki nzima kitana kikalowa, na nguo za Veneranda zikakutwa zimechanika kwenye kamba, na mchana kweupe nyayo za maji zikatoka kwenye koti, zikapita sebuleni, zikaishia upande wa kitanda anaolala Veneranda.

Siku ya fainali Kiliani alimpanga malkia ubaoni. Steven akarudisha kiti nyuma.

"Mchukue," Kiliani akanong'ona. "Atamuua mke wangu."

"Kaka, nina miaka arobaini, sijaoa. Ulidhani napenda? Ulipomwiba nilitoa sadaka kanisani. Jumamosi nafunga ndoa."

Kiliani akafungua vilevile, kisha akamsukuma malkia mbele ya askari wa Steven, aliwe.

"Mle!"

"Simli hata kwa bunduki."

Steven akasogeza farasi. Kiliani akamtoa tena, Steven akamkwepa tena, jasho likidondoka mezani, mpaka mkono wa Kiliani ukaanza kwenda wenyewe, na hatua ya saba mfalme wa Steven akakosa pa kukimbilia.

Ukumbi ukalipuka makofi. Kiliani akapapasa ubaoni amshike malkia, amtupe. Hayupo. Pale aliposimama palikuwa na maji.

Simu ikaita. Veneranda, kwa sauti ya chini:

"Baba Winnie, mgeni wako amefika. Nimempa kiti, kakataa. Amekaa kitandani, anachana nywele kwa kitana changu, anakupongeza kwa kombe. Ananiambia nikusanye vyangu."