Kasha Lililosema Imekamilika

Jumamosi huko Ishiara watu huzikwa na watu huoana, na pande zote mbili zinataka video. Kwa hiyo Nthiga na mkewe Wambura hawaijui Jumamosi ya kupumzika. Asubuhi hubeba kamera. Jioni hurudi na vumbi kwenye kope, wakiwa na nguvu za kuvua viatu tu. Siku nyingine hata hizo huishia kwenye kiatu cha kwanza.

Studio yao ni chumba cha mbele cha nyumba yao, karibu na soko. Ndani kuna meza, kompyuta na kasha jeusi la diski. Kasha hilo lina diski nne zinazofanya kazi pamoja. Moja ikifa, zingine hushika kazi na video hazipotei. Nthiga hulisifu kasha lake kuliko anavyowasifu ndugu zake.

"Kwangu video haipotei," huwaambia wateja.

Kasha lilikuwa na kasoro moja. Lilikuwa polepole. Kuhamisha video kutoka kadi za kamera kulichukua muda mrefu, na mtu aliyechoka haoni tofauti kati ya muda mrefu na milele. Jioni moja Nthiga alifungua mipangilio ya kasha, akaona mahali pa kuongeza mwendo. Kasha likamuuliza, kwa Kiingereza cha adabu, kama kuna betri ya kulishikilia stima ikipotea. Nthiga akabonyeza ndiyo.

Huo haukuwa uongo kamili. Betri ilikuwapo. Ilikuwa jikoni, na vifaranga.

Betri yenyewe ni lile sanduku zito ambalo watu huliita UPS. Stima ikipotea, sanduku hulia pii-pii na kuwasha vyombo kwa muda mfupi. Mama yake Nthiga, Marcella, alikuwa akilea vifaranga chini ya taa. Hata Ishiara yenye joto lake, kifaranga mchanga hutaka taa.

"Nthiga, hili sanduku linalolia lina kazi gani?" aliuliza siku moja.

"Kulia tu, Mama. Chukua."

Akachukua, akachomekea taa ya vifaranga.

Kisha mamake Wawira akafariki. Wawira, binti wa hapo Ishiara, alikuwa akifanya kazi Qatar, na tajiri wake hakumpa ruhusa ya kuja kuzika. Alimpigia Nthiga simu.

"Nthiga, rekodi kila kitu," alisema. "Nataka kumwona mama akitoka nyumbani. Nataka kuona ni nani walikuja. Nimekosa kumzika. Nisikose hata kuona."

"Usijali, Wawira. Kwangu video haipotei."

Siku ya mazishi walirekodi kutoka nyumbani mpaka kaburini. Kadi ya kwanza ilibeba mambo ya nyumbani. Ya pili ilibeba ibada na kaburi. Jioni wakahamisha zote mbili kwenye kasha. Kompyuta ikaandika kwamba kazi imekamilika.

"Imemaliza?" Wambura aliuliza.

"Imemaliza. Siku hizi inakimbia."

"Nifute kadi?"

"Futa. Kesho tuna harambee ya kanisa."

Wambura akazifuta. Alikuwa bado ameshika ile ya pili upepo ulipovuma, na stima ikapotea.

"Stima imepotea," Nthiga alitangaza, kwa kuwa katika kila nyumba lazima awepo mmoja wa kuwaambia walio gizani kwamba kuna giza.

Jikoni, UPS ikalia pii-pii. Kwa dakika chache vifaranga hawakupata shida yoyote.

Stima ilirudi kesho yake jioni, baada ya harambee. Nthiga alifungua kasha atafute video ya mazishi. Jina lake lilikuwapo. Akalibonyeza. Video haikufunguka. Akazima, akawasha, akabonyeza tena.

"Wambura," aliita. "Kuja kidogo."

Wambura alikuja, akatazama, akaketi sakafuni. Hakuwa na nguvu za kupiga kelele, na hilo lilimtisha Nthiga kuliko kelele.

Jirani yao Mukiri alitoka Meru na hutunza kompyuta za hospitali. Alipotoka kazini Jumatatu walimkuta mlangoni pake, akiwa bado na mfuko wa sukuma wiki mkononi.

"Madam Mukiri, tumekwisha," Nthiga alisema.

"Nyinyi mmekwisha leo. Mimi nilikwisha tangu asubuhi. Twende."

Alikagua kasha kwa muda. Kisha akageuka.

"UPS iko wapi?"

Jikoni vifaranga wakalia.

"Hao ni kuku?"

"Ndio wako nayo," Wambura alisema.

Mukiri alifumba macho kidogo, kama mtu anayesali au anayehesabu mshahara wake.

"Sikilizeni," alisema. "Mnamjua mnunuzi wa ndengu hapo sokoni? Mkulima analeta magunia. Mnunuzi mwangalifu anayaingiza stoo kwanza, ndipo anasema, 'Nimepokea.' Huyo ni mzee wa polepole. Lakini mwingine ana haraka. Magunia yakifika tu barazani anasema, 'Nimepokea, nenda!' Atayaingiza baadaye. Sasa mvua ikinyesha kabla hajayaingiza?"

"Ndengu zinaloa," Wambura alisema.

"Na mkulima ameshaenda. Kasha lako liko hivyo, Nthiga. Ulipoongeza mwendo, lilianza kupokea video kwenye kumbukumbu ya muda. Hiyo ndiyo baraza. Likasema imekamilika kabla ya kuandika yote kwenye diski. Kumbukumbu hiyo huishi kwa stima. Stima ikipotea, kila kilicho barazani kinapotea."

"Lakini nina diski nne!"

"Hata ungekuwa na diski arobaini. Hizo zinakulinda diski moja ikifa. Hazilindi kitu ambacho hakijazifikia. Na barazani hapakuwa na video peke yake. Palikuwa pia na maelezo ya mahali kila kipande kimewekwa. Ndiyo maana unaona jina na huoni video."

Nthiga aliangalia kasha lake kama mtu anayemwangalia ndugu.

"Zile kadi," Mukiri aliuliza. "Mmerekodi juu yake?"

"Moja," Wambura alijibu. "Ya pili sijaigusa tena."

"Usiiguse. Kadi ikifutwa haraka hivyo, mara nyingi picha hubaki mpaka zifunikwe na nyingine. Hiyo naweza kujaribu."

"Na ya kwanza?"

"Ya kwanza sasa ni harambee."

Kila jioni baada ya kazi Mukiri alikuja kuketi na ile kadi. Alirudisha ibada, akarudisha kaburi. Kwenye kasha alipata vipande tu, visivyofunguka.

Marcella alirudisha UPS mwenyewe. Vifaranga aliwawekea chungu cha makaa.

"Uliniambia kazi yake ni kulia," alimwambia mwanawe. "Mimi nikakuamini kwa sababu umesoma."

Mukiri alipoipima UPS alikuta betri yake imechoka.

"Hii ni tofali," alisema. "Mpaka ununue betri nyingine, naondoa ule mwendo. Kasha litaandika kwenye diski kwanza, ndipo liseme imekamilika."

"Tutachoka tena, Madam."

"Chokeni."

Nthiga alienda Embu mjini kununua betri mpya. Mukiri aliunganisha UPS na kasha kwa waya, ili betri ikikaribia kuisha, kasha limalize kuandika na kujizima lenyewe. Aliwaambia pia wasifute kadi kabla ya kufungua video waione, na kuweka nakala kwenye diski nyingine ya pembeni.

Jumamosi iliyofuata, stima ilipotea wakiwa katikati ya kuhamisha video ya harusi. UPS ikalia. Kasha likamaliza lilichokuwa limepokea, likajizima. Stima iliporudi, wakaendelea. Bwana harusi hakujua lolote, na hivyo ndivyo bwana harusi anavyopaswa kuwa.

Lakini Wawira alikuwa bado hajaambiwa. Jumapili alipiga mwenyewe.

"Wawira," Nthiga alisema, "ya kaburini ipo. Ya nyumbani imepotea. Niliiambia mashine nina betri, na sikuwa nayo. Ni kosa langu."

"Imepotea kabisa?"

"Kabisa."

Walimsikia akilia. Wambura akachukua simu.

"Wawira, mimi ndiye nilikuwa nimeshika kamera. Nilikuwa mlangoni. Nikueleze?"

"Nieleze."

"Mlango ulikuwa mwembamba, jeneza halikupita. Kaka yako Gedion akaung'oa mlango mzima, akausimamisha kwenye ukuta. Wamama wa sokoni walikuja na aproni zao za kazi, hawakuenda nyumbani kubadilisha. Na kuna mbwa alilala chini ya jeneza, akakataa kutoka. Wa sikio lililokatika."

Wawira akacheka na kilio humo humo. "Huyo ni wa mama. Alimfukuzaga kila siku."

"Basi hakufukuzika. Alifuata mpaka njia panda."

"Wambura, usifupishe," Wawira alisema. "Anza tena, polepole."

Wambura akavuta kiti, akaanza tena, kutoka mlangoni.