Munyiva Hakusema

Mvua ya Aprili 1974 iliwakusanya wapita njia wa River Road chini ya baraza la duka la misumari, na hapo ndipo kisigino kirefu cha kiatu cha raizoni cha Munyiva kilipokwama kwenye wavu wa mtaro. Gauni la njano, nywele za afro, mwavuli hana. Mwanzia, mpiga chapa wa ghorofani, aliinama bila kuombwa akakichomoa.

"Pole dada. Nimekuachia wino kwenye kiatu."

"Haidhuru. Nyumbani wakiniuliza nitasema nimepigwa chapa."

Loo! Mtu mzima alicheka mpaka akasahau kurudi kazini. Jumatatu akampigia Munyiva simu, kwa namba aliyompa, katika ofisi alikokuwa mpiga taipu.

"Ni mimi, mtu wa wino."

"Mtu wa wino hana jina?"

"Analo. Atakupa Jumamosi, tukinywa chai."

"Jumamosi niko Mutuini, bwana."

Huko pembezoni mwa jiji Munyiva alijitolea bila malipo. Alipita nyumba hadi nyumba akizungumza na watu juu ya kupanga uzazi, na aliyetaka vidonge au mipira alimletea kimyakimya. Mambo ya nyumba hii hakuyafikisha nyumba ile. Basi chai ikawa ya Jumapili. Kufikia Desemba Mwanzia alikuwa hali, halali, na mama yake akaja kutoka Kitui kupanga posa.

Mama alifikia Mutuini kwa mwanawe wa kwanza, Nzioka, kaka mkubwa wa Mwanzia, mzee wa kanisa na baba wa watoto saba. Akitafuta sabuni kabatini, akakuta pakiti ya mipira ya kuzuia mimba.

"Ni yule msichana wa Mwanzia," Nzioka akasema upesi. "Amemletea mke wangu bila mimi kujua."

Mama hakupandisha sauti. Alimwambia Mwanzia, "Akikana kwamba alimletea mke wa Nzioka kwa siri, tutaenda kwao. Asipokana, tafuta mwingine."

Mwanzia akamfuata Munyiva mkahawani.

"Mpenzi, neno moja tu. Ni shemeji aliyekuomba vile vitu?"

"Siwezi kusema."

"Sema hapana, basi! Hata kama ni uwongo."

"Nikikwambia hapana leo, kesho nikinyamazia jina la mwingine utajua ni ndiyo. Siwezi."

"Kwani mimi ni mtu baki?"

"Usinitese, Mwanzia."

Mwanzia akaondoka, chai haijaguswa. Ilimuuma, na alitaka imuume Munyiva zaidi. Mapenzi yana ujinga wake. Wiki tatu hakupiga simu.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Nzioka, maana mkewe, kwa kusingiziwa, hakumsemesha tena. Alipanda ngazi za kiwanda cha chapa, kofia mkononi.

"Mimi ndiye niliyemwita Munyiva," alisema. "Yule mtoto wa mwisho alipozaliwa nusura amwue mama yake, nikaogopa. Lakini kumwambia Mama niliona haya."

"Ukamtupia Munyiva?"

"Nikamtupia. Mama nimeshamwambia jana."

"Akasemaje?"

"Alinizaba kofi. Na mvi hizi!"

Mwanzia hakungoja zaidi. Alikimbia hadi ofisini kwa Munyiva, aproni ya kazi bado kiunoni.

"Nzioka ameniambia! Alikuchafulia jina, na wewe ulikuwa unamsitiri yeye!"

Munyiva hakuacha kupiga taipu. "Mimi sijasema kitu."

"Lakini sasa najua."

"Basi ni wewe unajua. Mimi sijasema."

Hata sasa! Aibu ilimshika Mwanzia, kisha akampenda upya, zaidi ya mwanzo.

"Nisamehe," alisema. "Nataka nikuoe."

"Nitakuwa narudi nyumbani na siri za watu. Za majirani, za ndugu zako. Utaniuliza?"

Angeweza kuapa. Lakini alifikiri kwanza, huku makarani wote wamekaza macho.

"Nitatamani kuuliza kila siku," alisema. "Lakini sitauliza."

Munyiva, ambaye wiki tatu hakuwa ametoa hata chozi, alilaza kichwa juu ya taipureta akalia kwa sauti.

"Ndiyo," alisema alipoweza. "Lakini ungechelewa wiki moja tu, Mwanzia, ningekukataa."